Mnara wa Himeyuri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbukumbu ya Vita ya Shule Mbili za Okinawa

Mnara wa Himeyuri ni nini, na uko wapi?

Ni kumbukumbu ya wanafunzi wa kike na walimu wa shule mbili waliokufa katika Mapigano ya Okinawa mwaka 1945, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Uko Ihara, katika mji wa Itoman, kusini mwa kisiwa kikuu cha Okinawa nchini Japani, kando ya mdomo wa pango la mawe ya chokaa lililogeuka kaburi la wengi wao. Ingawa huitwa mnara, kitu cha kale zaidi mahali pale, kilichosimamishwa Aprili 1946, ni jiwe dogo ambalo mgeni mwenye haraka anaweza kulipita bila kuliona. Jengo kubwa jeupe lenye sanamu ya maua ya yungiyungi, ambalo ndilo linaloonekana kwenye picha nyingi, liliongezwa miaka ya baadaye, na mbele yake yameandikwa majina ya marehemu.

Ni kumbukumbu ya shule zipi?

Ya kwanza ilikuwa Shule ya Kwanza ya Wasichana ya Mkoa wa Okinawa, na ya pili ni Idara ya Wanawake ya Chuo cha Ualimu cha Okinawa. Zilikuwa katika kiwanja kimoja huko Asato, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Naha, na zilipokea wasichana kutoka visiwa vyote vya mkoa huo, wengi wao wakiishi bwenini. Jina Himeyuri lilitokana na kuunganishwa kwa majina ya majarida ya shule hizo mbili, Otohime na Shirayuri.

Shule zote mbili ziliangamia pamoja na vita na hazikufunguliwa tena. Jambo hili linaitofautisha kumbukumbu hii na nyingine nyingi za shule duniani. Kwa kawaida majina ya waliokufa huchongwa ukutani, na wanafunzi wapya hupita mbele yake kila asubuhi wakienda darasani, lakini hapa hakuna wanafunzi wapya. Waliobaki kuitunza ni wahitimu wa zamani na familia zilizofiwa, na ndiyo maana historia ya mnara huu ni historia ya chama cha wahitimu kwa kiasi kile kile ambacho ni historia ya vita.

Wasichana wa shule walifikaje kwenye uwanja wa vita?

Kufikia mwaka 1944 Japani ilikuwa inashindwa katika Bahari ya Pasifiki, na viongozi wake wa kijeshi walikusudia kuitumia Okinawa kuwachelewesha Wamarekani ili visiwa vikuu vya Japani vipate muda wa kujiandaa. Mashambulizi ya anga ya tarehe 10 Oktoba 1944 yaliteketeza sehemu kubwa ya Naha, na katika miezi iliyofuata wanafunzi walifundishwa uuguzi kwa haraka, huku masomo ya kawaida yakipungua hadi kukoma. Usiku wa tarehe 23 Machi 1945, siku chache kabla ya majeshi ya Marekani kutua kwenye kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili, wanafunzi 222 na walimu 18 waliondoka shuleni kwa miguu kuelekea Hospitali ya Jeshi ya Haebaru. Wengi wa wasichana hao walikuwa na umri wa kati ya miaka 15 na 19.

Manusura walieleza baadaye kwamba walidhani watafanya kazi mahali salama penye bendera ya msalaba mwekundu, kisha warudi darasani baada ya muda mfupi, na baadhi yao walibeba vitabu na kalamu. Sheria iliyowaweka wanawake katika orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini ilitangazwa Juni 1945, wakati mapigano ya Okinawa yanamalizika na wengi wa wasichana hawa wamekwisha kufa. Hoja hii hupitwa kwa urahisi katika masimulizi yanayowasifu kwa kujitolea, nami naona ni ya msingi, kwa sababu waliitwa na watu wazima waliokuwa na mamlaka juu yao.

Walifanya kazi gani hospitalini?

Hospitali yenyewe ilikuwa ni mahandaki yapatayo 40 yaliyochimbwa kwa mkono ndani ya kilima, yenye vitanda vya mbao vya ngazi mbili, giza, joto na hewa nzito ya usaha na kinyesi. Wasichana walibeba chakula na maji nje huku mabomu yakianguka, walisafisha vidonda vilivyojaa funza, walishika taa na miguu ya wagonjwa wakati madaktari wakikata viungo bila dawa ya ganzi ya kutosha, wakatupa viungo vilivyokatwa na kuzika maiti. Sherehe ya kuhitimu ya wale wa mwaka wa mwisho ilifanyika usiku wa tarehe 29 Machi katika kibanda cha hospitali, kwa mwanga wa mishumaa, huku mizinga ikirindima.

Mahandaki hayo bado yapo. Halmashauri ya Haebaru iliyahifadhi kisheria kama urithi wa utamaduni mwaka 1990, ikiwa ya kwanza nchini Japani kulipa eneo la vita hadhi hiyo, na Handaki Namba 20 limefunguliwa kwa wageni tangu mwaka 2007.

Nini kilitokea kati ya mwishoni mwa Mei na Juni 1945?

Mwishoni mwa Mei, makao makuu ya jeshi la Japani yaliyokuwa Shuri yalipokaribia kuzingirwa, uongozi uliamua kurudi nyuma hadi ncha ya kusini ya kisiwa badala ya kusalimu amri. Uamuzi huo uliipeleka vita katikati ya raia waliokuwa wamekimbilia huko. Hospitali ya Haebaru ilihamishwa kwenye mvua na matope. Waliojeruhiwa vibaya waliachwa mahandakini, na wengine walipewa maziwa yaliyotiwa sumu ya sianidi. Wasichana na walimu waligawanywa katika mapango sita ya eneo la Ihara, ambako hapakuwa tena na hospitali ya kweli, kwani dawa na vifaa vilikuwa vimekwisha.

Usiku wa tarehe 18 Juni walipewa amri ya kuvunjwa kwa kikosi. Kwa maneno mengine, waliambiwa kwamba kuanzia hapo kila mmoja ajiamulie mwenyewe, na watoke mapangoni wakati adui amekwisha kufika. Alfajiri ya tarehe 19 Juni, kabla ya wote waliokuwa katika Pango la Tatu la Upasuaji la Ihara kupata nafasi ya kutoka, askari wa Marekani walirusha ndani mabomu ya gesi. Pangoni mlikuwa na watu wapatao 100, wakiwemo wanafunzi na walimu kama nusu yao, na zaidi ya 80 walikufa. Hilo ndilo pango ambalo mnara umesimama kando yake.

Wengine walitangatanga ufukweni siku kadhaa, wakipigwa risasi kutoka nchi kavu na mizinga kutoka baharini. Huko Arasaki kundi la watu 10, wakiwemo mwalimu na wanafunzi, lilikufa kwa bomu la mkono. Karibu na rasi ya Kyan mwalimu Nakasone Seizen, ambaye mwenyewe alikuwa amejeruhiwa, aliwazuia wanafunzi wake waliotaka kujilipua, nao wakatekwa wakiwa hai.

Ni wangapi waliokufa?

Kati ya watu 240 walioondoka shuleni usiku ule wa Machi, walikufa 136, yaani wanafunzi 123 na walimu 13. Ukiwaongeza wanafunzi na walimu 91 wa shule hizo ambao hawakuwa katika kikosi cha hospitali lakini walikufa katika mapigano hayo, jumla ni 227.

Mgawanyo wa vifo hivyo kwa tarehe una uzito kuliko jumla yake. Katika takriban siku 90 za kazi ya hospitali, kikosi kilipoteza watu 19. Waliobaki, zaidi ya 100, walikufa katika siku chache zilizofuata amri ya kuvunjwa. Kwa hiyo anayeuliza ni nini kiliwaua wasichana wa Himeyuri hawezi kutaja mabomu ya Wamarekani peke yake. Lazima ataje pia uamuzi wa kurudi kusini, na amri ya kuwatoa nje katikati ya moto baada ya kuwatumia miezi mitatu.

Kwa nini hawakujisalimisha mapema?

Kwa sababu tangu utotoni walifundishwa kwamba kutekwa ni aibu isiyofutika, na waliambiwa kwamba Wamarekani watawabaka na kuwaua kikatili. Kanuni za mwenendo wa askari zilizotolewa na jeshi la Japani mwaka 1941 zilikataza kupokea fedheha ya kutekwa ukiwa hai, na fundisho hilo lilivuka kambi za askari likaingia shuleni na majumbani. Vipaza sauti vya Wamarekani viliwaita watoke, vikiwaahidi maji na chakula, lakini walio wengi hawakuamini. Manusura kadhaa walisema baadaye kwamba mshangao wao mkubwa ulikuwa kutibiwa na kulishwa na wale waliowaogopa. Wengi wao, walipokuwa watu wazima, walilitaja fundisho lile la shuleni kuwa sehemu ya lile lililowaua wenzao, na baadhi ya waliosema hivyo walikuwa wamekuwa walimu wenyewe.

Nani alijenga mnara wa kwanza?

Baada ya vita, jeshi la Marekani liliwahamishia wakazi wa kijiji cha Mawashi katika eneo la Komesu, jirani na Ihara, kwa kuwa ardhi yao ilikuwa imetwaliwa. Walikuta mashamba yamejaa mifupa ya watu, kiasi kwamba hawakuweza kulima bila kuikanyaga. Kiongozi wao, Kinjo Washin, ambaye alikuwa mmoja wa wazazi waliofiwa, aliwahimiza waikusanye, na mapema mwaka 1946 walisimamisha mnara uitwao Konpaku, ambamo waliweka mabaki ya watu wapatao 35,000 bila kuuliza nani alikuwa askari, nani raia, nani Mjapani wala nani Mmarekani.

Baada ya kazi hiyo wakalielekea pango la Ihara. Jiwe la Himeyuri lilisimamishwa Aprili 1946 na ibada ya kwanza ikafanyika siku hizo hizo, miezi kumi tu baada ya vifo vyenyewe, wakati watu wa Okinawa walikuwa bado wanakula mgao na kulala katika mahema. Wakati huo huo walisimamisha pia mnara wa Kenji huko Mabuni kwa ajili ya wavulana wa Chuo cha Ualimu. Mwalimu Nakasone alitunga shairi fupi la kuwaombea wanafunzi usingizi mtulivu juu ya mto mgumu wa mawe, nalo limechongwa mahali hapo.

Ninasisitiza mpangilio huu wa matukio kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kwamba serikali ndiyo iliyojenga. Hapakuwa na serikali ya mkoa yenye uwezo huo, na Okinawa ilibaki chini ya utawala wa Marekani hadi tarehe 15 Mei 1972. Mnara huu ulijengwa na wanakijiji na wazazi kwa mikono yao.

Kwa nini mnara huu ulipata umaarufu kuliko mingine?

Mwaka 1949 ilitoka riwaya kuhusu wasichana hao, na mwaka 1953 ikafuata filamu iliyotazamwa na watu wengi mno Japani nzima. Tangu hapo jina la Himeyuri likawa karibu sawa na jina la Okinawa katika fikra za Wajapani wa visiwa vikuu. Watalii walifika kwa mabasi, na waongozaji wakasimulia kwa sauti ya huzuni habari za mabikira safi waliokufa kwa ajili ya nchi yao.

Umaarufu huo ulikuwa na faida, kwani kumbukumbu haikusahaulika na eneo lake halikuvamiwa na ujenzi. Lakini pia uliwanyang'anya marehemu sura zao. Msichana aliyeogopa, aliyekuwa na njaa, aliyelia akimwita mama yake, aligeuzwa picha ya shujaa aliyekufa kwa hiari na kwa uzuri, na hasira ambayo ilipaswa kuelekezwa kwa waliompeleka pale ikayeyuka kuwa machozi ya safari ya siku moja. Mimi naamini hayo ndiyo madhara makubwa zaidi ambayo kumbukumbu ya vita inaweza kuwafanyia wafu wake.

Manusura walisema nini wakati huo?

Kwa miaka mingi wengi walikaa kimya. Walikutana na wazazi wa wenzao waliokufa na hawakujua la kujibu walipotazamwa na macho yaliyouliza kwa nini huyu amerudi na mwanangu hakurudi. Wengine walikuwa wameacha rafiki aliyejeruhiwa njiani, wakalibeba jambo hilo bila kuwaambia hata waume na watoto wao. Wapo ambao hawakukanyaga Ihara kwa miongo kadhaa.

Mabadiliko yalikuja walipokaribia umri wa kustaafu. Waliona vitabu vya shule vikipunguza makali ya habari za Okinawa, waliona vijana wasiojua chochote, na wakatambua kwamba wakifa bila kusema, simulizi itakayobaki ni ile ya basi la watalii. Katika miaka ya 1980 chama cha wahitimu kiliamua kujenga makumbusho. Manusura wakarudi mapangoni, safari hii wakiwa wanawake wa makamo, wakachimbua vyombo vya dawa, kalamu, vitana na vifaa vingine kwa ajili ya maonyesho, na wakaandika ushahidi wao, kila mmoja kwa maneno yake.

Makumbusho hayo yalifunguliwa lini, na ndani yake mna nini?

Makumbusho ya Amani ya Himeyuri yalifunguliwa tarehe 23 Juni 1989, karibu kabisa na mnara, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Nakasone Seizen, ambaye baada ya vita alikuwa msomi mashuhuri wa lugha za Okinawa. Ndani kuna ukumbi wenye picha za uso za marehemu, kila picha ikiwa na jina, tabia ya mtu huyo na namna alivyokufa kadiri ilivyojulikana, pamoja na vitabu vikubwa vya ushahidi ambavyo mgeni anaweza kuvisoma akiwa amesimama. Kuna pia mfano wa Pango la Tatu kwa ukubwa wake halisi.

Kwa zaidi ya miaka 25 manusura wenyewe walisimama ukumbini na kujibu maswali ya wageni. Makumbusho haya ni ya binafsi na huendeshwa hasa kwa viingilio, bila kutegemea bajeti ya serikali, jambo lililoyapa uhuru wa kusema yanachoona ni kweli, ingawa pia liliyatia katika dhiki wakati wa janga la UVIKO-19, ambapo michango ya wananchi iliyasaidia.

Ni kweli kwamba mwana wa mfalme alishambuliwa hapo?

Ndiyo. Tarehe 17 Julai 1975 Akihito, wakati huo mrithi wa kiti cha ufalme wa Japani, alifika na mkewe kuweka maua, na wanaharakati wawili waliokuwa wamejificha pangoni wakatoka na kurusha chupa ya petroli iliyowashwa. Hakuna aliyejeruhiwa miongoni mwa wageni hao. Tukio hilo lilionyesha jinsi jeraha la Okinawa dhidi ya dola iliyopigana kwa jina la mfalme lilivyokuwa bado bichi, ingawa kulitumia pango lenye wafu kama maficho ya kushambulia kuliwaumiza watu wengi wasiokuwa na mapenzi yoyote na ufalme.

Je, shule nyingine za Okinawa hazikupoteza wanafunzi?

Zilipoteza, tena wengi. Shule 21 za sekondari na vyuo vya Okinawa zilikuwa na wanafunzi waliopelekwa vitani. Wavulana, baadhi wakiwa na miaka 14, waliingizwa katika vikosi vya kupeleka ujumbe na kubeba risasi. Wasichana wa shule nyingine wanajulikana kwa majina ya Shiraume, Zuisen, Nagoran, Deigo na Sekitoku, na baadhi ya makundi hayo yana kumbukumbu zake kusini mwa kisiwa, ambazo mabasi hayasimami. Mwaka 2017 lilizinduliwa huko Mabuni jiwe linalotaja shule zote 21, baada ya wahitimu wazee kudai kwamba wenzao nao wakumbukwe hadharani. Dai lao lilikuwa la haki na lilichelewa kujibiwa.

Je, kuna ubishi kuhusu historia inayosimuliwa hapo?

Upo, na unarudi mara kwa mara. Mwaka 2005 mtihani wa kujiunga na shule moja ya sekondari ya Tokyo ulikuwa na kifungu kilichoeleza ushahidi wa manusura wa Himeyuri kuwa wa kuchosha, na shule hiyo ikalazimika kuomba radhi. Mei 2025 mbunge mmoja wa chama tawala alidai kwamba maelezo ya makumbusho yanageuza historia kwa kusema jeshi la Japani liliwaua wasichana na Wamarekani wakaikomboa Okinawa. Makumbusho yalijibu kwamba maelezo ya namna hiyo hayapo na hayajawahi kuwepo, na baada ya siku chache mbunge huyo alifuta kauli yake na kuomba radhi. Ukisoma ushahidi wenyewe utaona kwamba haumpendelei yeyote. Aliyerusha bomu la gesi ametajwa, na aliyetoa amri ya kuvunja kikosi ametajwa pia.

Nani anasimulia sasa, manusura wakiwa wamebaki wachache mno?

Manusura waliacha kutoa mihadhara rasmi kwa wageni Machi 2015 kwa sababu ya uzee. Mwaka 2018 makumbusho yalipata mkurugenzi wa kwanza aliyezaliwa baada ya vita, Futenma Chokei, na maonyesho yakafanywa upya na kufunguliwa Aprili 2021, safari hii yakitayarishwa na watu ambao hawakuiona vita. Waliongeza michoro na picha za maisha ya shuleni kabla ya vita, wasichana wakicheka na kucheza michezo, kwa sababu kijana wa leo hawezi kujua nini kilipotea asipojua kwanza nini kilikuwepo.

Mgeni anayetaka kwenda afanye nini?

Ibada ya kila mwaka hufanyika tarehe 23 Juni, Siku ya Kumbukumbu ya Okinawa, na siku hiyo ni vyema kuwaachia nafasi wafiwa. Siku nyingine, unaweza kununua maua jirani na lango na kuyaweka mbele ya mnara. Kushuka pangoni hakuruhusiwi, na kupiga kelele au kujipiga picha za furaha ukingoni mwake ni kukosa adabu. Ninapendekeza uingie kwanza makumbusho, ukae na vitabu vya ushahidi angalau saa moja, ndipo utoke kulitazama pango. Ukiwa na muda, endelea hadi Mabuni, ambako Jiwe la Msingi la Amani lililozinduliwa mwaka 1995 lina majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa kutoka pande zote za vita, na njiani ulizia kumbukumbu ya Shiraume, ambayo nayo ni ya wasichana wa shule.